BARZA YA NYUMBANI: MBOGA ILE ILE KILA SIKU



Mwezi huu nilikuwa nimekusudia kuendelea na maneno yetu juu ya usafi wa visima, lakini imefika barua kutoka Bugwema, katika Wilaya ya Musoma, ambayo baada ya kuisoma nimeona si haki kuiweka mpaka mwezi mwingine. Aliyeiandika ni mama kijana mwenye watoto watatu. Jina lake nalificha kama alivyoomba. Kwa ufupi asema hivi: kwa miezi mingi sasa nyumba yake inapika ugali na dagaa, kesho ugali na mchicha, keshokutwa ugali na dagaa tena. Yeye mwenyewe amechoka hata kuutazama mwiko. Mtoto wake wa pili akiona sufuria inateremshwa huuliza, "Leo tena?" Na mumewe, ambaye zamani alikuwa akirudi baada ya sala ya Magharibi na kula pamoja na wanawe, siku hizi hupitia kwa mama lishe pale senta, akala samaki wa kukaanga, akarudi nyumbani ameshiba na kusema hana njaa. Mama mkwe naye amekwisha sema neno ambalo mwandishi wetu hakutaka kuliandika. Mwisho wa barua anauliza: je, auze mbuzi wake mmoja apate fedha za kununua nyama kila juma, ili mume arudi kwenye sahani ya nyumbani?

Binti yangu, jibu langu la kwanza ni hili: mbuzi usimwuze. Nyama ya fedha ya mbuzi mmoja itakwisha baada ya majuma machache, na baada yake utabaki na sufuria ile ile, na mbuzi huna. Maradhi yako si uhaba wa nyama. Ni kwamba vitu unavyo, lakini vyote unavipika kwa njia moja. Na maradhi haya dawa yake ni nyepesi, ingawa yataka fikira na subira.

Kabla ya kuingia jikoni, yatupasa tuseme neno moja juu ya kuchoka kwenyewe. Wako watu wanaodhani kuchoshwa na chakula kimoja ni ufisadi wa nafsi, na kwamba mwenye kusema "nimechoka na dagaa" amekufuru neema. Hivyo sivyo. Kuchoka ni tabia ya binadamu. Katika Sura ya Baqara tunasimuliwa habari za Bani Israili jangwani, jinsi walivyomwambia Nabii Musa kwamba hawawezi kustahimili chakula cha namna moja, wakataka mboga na matango, adesi na vitunguu. Walilaumiwa kwa sababu walikuwa wakibadilisha kilicho bora kwa kilicho duni, na kwa namna walivyoipokea neema. Basi kosa liko katika kuitupa neema na kumvunja moyo aliyeipika, wala haliko katika kutamani ladha nyingine. Na tumepokea kwa wapokezi wa kutegemewa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja: akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Hapa pana adabu mbili: ya mwenye kupika, kwamba ajitahidi, na ya mwenye kula, kwamba aufunge ulimi wake. Tutaanza na ya kwanza, na ya pili tutairudia mwisho, maana barua hii haimhusu mke peke yake.

Sasa, tuihesabu neema iliyopo Bugwema. Mimi nimezaliwa Musoma, na njia za huko nazifahamu. Ziwa haliko mbali. Samaki hutoka Mugango na Murangi na pwani zote za Majita. Bonde la Bugwema lenyewe ni ardhi ya kilimo. Katika nyumba za huko, hata zile zenye fedha kidogo, aghalabu utakuta mahindi, mtama, muhogo mkavu, viazi vitamu, kunde au maharage, karanga, na pengine ulezi na choroko. Mboga za majani ziko za kupandwa na za kuota zenyewe: mchicha, mgagani, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, kisamvu na mlenda. Ziwani kuna dagaa, sato, sangara, kambare na kamongo. Maziwa yapo kwa wafugaji. Ndimu na nyanya na vitunguu vyapatikana gulioni. Ukivihesabu hivi vyote kwa vidole, vidole vya mikono miwili havitoshi. Vipi basi nyumba yenye vitu zaidi ya ishirini ikawa inakula vitu vitatu tu?

Sababu yake naijua, maana ilinipata mimi mwenyewe nilipokuwa mwali. Nilipika dagaa siku kumi na moja mfululizo, kwa kitunguu na nyanya, kila siku vile vile. Siku ya kumi na mbili mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliingia jikoni bila ya kunikemea. Akachukua dagaa wale wale, akawakaanga wakavu bila ya mafuta, akawatia karanga zilizopondwa, akakamua ndimu. Tulipokwisha kula, mume wangu aliuliza samaki yule amenunuliwa wapi. Mama akacheka, akaniambia tulipokuwa wawili: mtu akichoka hachoki na samaki, huchoka na mkono. Neno lile limenifaa maisha yangu yote, nami leo nalitoa kwenu.

Ziko njia nne za kubadilisha chakula bila ya kuongeza gharama, nazo zapasa kuwekwa moyoni. Ya kwanza ni kubadilisha namna ya kupika: kilichochemshwa jana, leo kichomwe, kesho kikaangwe, keshokutwa kipondwe. Ya pili ni kubadilisha kiungo: karanga badala ya mafuta, maziwa badala ya nyanya, ndimu au ukwaju badala ya chumvi nyingi. Ya tatu ni kubadilisha chakula chenyewe kinacholiwa na kitoweo: si kila usiku lazima iwe ugali wa mahindi. Na ya nne ni kuchanganya viwili ambavyo havijapata kukutana katika chungu chako, kama dagaa na mgagani, au kunde na viazi vitamu. Ukibadilisha moja tu katika hizi nne kila usiku, majuma yatapita kabla hujarudia sahani moja.

Tuchukue dagaa hao hao wanaolaumiwa. Kwanza, wengi huwachukia dagaa kwa sababu ya mchanga na uchungu, na makosa haya si ya dagaa. Waondoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, kila mara uwatoe kwa mkono na kuyaacha maji chini pamoja na mchanga wake. Usiwamwage pamoja na maji, maana mchanga utarudi juu yao. Kisha uwakaange katika sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka walie kama majani makavu. Baada ya hapo wako tayari kwa lolote.

Dagaa wa karanga: kwa sahani moja ya dagaa, chukua kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kupondwa, vitunguu viwili, nyanya tatu. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya mpaka ziive na kulainika, mimina vikombe viwili vya maji, kisha karanga huku unakoroga zisishike chini. Mchuzi ukianza kuwa mzito tia dagaa, uache juu ya moto mdogo kwa muda wa robo saa, na mwisho kamua ndimu. Hii ndiyo badala yetu ya nazi. Watu wa Unguja na Mombasa hupika dagaa kwa tui, lakini kwetu nazi husafiri njia ndefu na bei yake hupanda njiani. Karanga ni tui la bara. Lakini chagua karanga safi. Zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zitupwe, wala usizifiche katika mchuzi, maana ukungu ule huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Dagaa hao hao waweza kuwapika pamoja na mgagani uliochemshwa. Waweza kuwakaanga kwa pilipili na kuwala wakavu na muhogo wa kuchemsha. Waweza kuwaponda wakawa unga, na kijiko kimoja cha unga huo ukakitia katika uji au mchuzi wa mtoto mdogo aliyekwisha anza kula. Jambo hili la mwisho wakunga na waganga wa hospitali hulisifu, kwa kuwa mtoto hupata nguvu ya samaki mzima, pamoja na mifupa yake laini, bila ya hatari ya kukwamwa na mwiba.

Na sangara je? Wazee wetu hawakumjua sangara. Aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950, upande wa Uganda, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 akawa ameenea mpaka pwani zetu, akala furu wengi ambao bibi zetu walikuwa wakiwapika. Lakini alipokuwa mgeni, watu walijifunza kumpika, maana ana mafuta mengi kuliko furu na sato, na njia za zamani hazikumfaa. Haya ni mafunzo: mkono wa mpishi waweza kujifunza hata ukubwani. Ikiwa fedha ya minofu haipo, chukua kichwa chake, au mapanki, yaani mifupa ibakiayo baada ya minofu kuondolewa. Nunua yaliyo mabichi, yasiyo na harufu. Yachemshe kwa kitunguu, nyanya, pilipili manga na ndimu, na utapata supu ambayo mgeni hataiuliza imetoka wapi. Sato mdogo mchome juu ya makaa baada ya kumpaka chumvi na ndimu, umle na kachumbari.

Tumeyataja majani, na hapa wengi wetu tunakosea. Mgagani hulaumiwa kwa uchungu wake. Watu wa Mara wa zamani, Wakurya na Wajaluo, na Wajita pia, walijua kuutuliza: huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ikiwa ni machungu sana, kisha ukatiwa maziwa na kuachwa juu ya moto mdogo mpaka maziwa yakaingia ndani ya jani. Ukilala mpaka asubuhi huwa mtamu zaidi. Lakini uuchemshe tena kabla ya kula. Mlenda wengi huupika kwa magadi mengi ili ulainike haraka. Magadi kidogo hayadhuru, lakini yakizidi huharibu sehemu ya nguvu iliyomo katika majani. Bora kuyapunguza na kutia nyanya. Na majani yote ya kijani yatiwe mafuta au karanga japo kidogo, maana vitamini ya macho iliyomo ndani yake haifyonzwi vizuri mwilini bila ya mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, viitwavyo viazi lishe, ni hazina kwa mtoto. Tena, mwenye desturi ya kunywa chai ya rangi pamoja na ugali na mboga, bora aisubirishe chai yake saa moja, maana chai huzuia damu kupata chuma cha majani. Ndimu hufanya kinyume chake: husaidia. Kwa hiyo ile ndimu tunayoikamua kwa ladha inafanya kazi mbili.

Mama yetu wa Bugwema aweza kuniambia, "Haya yote nimeyasikia, lakini jioni ikifika nimerudi shambani nimechoka, sina akili ya kuchagua." Asema kweli. Mtu aliyechoka hupika kile ambacho mkono umezoea. Kwa hiyo uchaguzi usifanywe jioni. Ufanywe mara moja tu kwa juma, mchana wa Ijumaa baada ya sala, mtu akiwa ametulia. Nami naandika hapa mfano wa juma moja, si sheria bali ni mwanzo.

Jumamosi: ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na dagaa wa karanga.

Jumapili: makande ya mahindi na kunde. Mahindi na kunde zilowekwe tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, zitaiva kwa kuni chache. Zikikaribia kuiva, tia majani ya maboga yaliyokatwa madogo, na kitunguu.

Jumatatu: viazi vitamu vilivyopikwa kwa mchuzi wa karanga mpaka vikashika, kama futari ya Ramadhani. Wako wanaofunga Sunna siku hii. Chakula hiki ni laini kwa tumbo la mfungaji. Pamoja nacho uji wa ulezi.

Jumanne: samaki wa kuchoma, kachumbari ya nyanya, kitunguu na ndimu, na ugali wa mahindi.

Jumatano: choroko zilizochemshwa mpaka zikapasuka, zikaungwa kwa kitunguu, nyanya na kitunguu saumu, na muhogo wa kuchemsha ulio mtamu.

Alhamisi: mgagani wa maziwa, na ugali wa ulezi au wa mtama.

Ijumaa: wali. Pishi kubwa si lazima. Mchele kidogo ukipikwa pamoja na choroko huwa mseto, na hushibisha kuliko wali mtupu. Kuku akipatikana, vema. Asipopatikana, supu ya kichwa cha sangara.

Angalieni, wasomaji: katika juma zima ugali wa mahindi mtupu umetokea mara moja tu, na dagaa mara moja. Juma la pili mama atabadilisha viungo. Na katika orodha hii hakuna kitu kinachotaka kuuzwa kwa mbuzi.

Wako watakaosema kwamba mtama na ulezi ni chakula cha njaa au cha washamba, na kwamba sembe nyeupe ndiyo ustaarabu. Hebu tuangalie tarikhi. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, maharage, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni Marekani, na havikufika Afrika ila baada ya mwaka 1492, safari za Wazungu zilipofungua njia ya bahari. Muhogo ulienezwa sana zama za ukoloni kwa kuwa ulikuwa akiba wakati wa njaa. Kabla ya hapo bibi za bibi zetu walikuwa na mtama, ulezi, kunde, njugu mawe na ufuta, na juu yake samaki na maziwa. Kwa hiyo aliyepika ulezi hakurudi nyuma. Amefungua sanduku la bibi yake. Na aliyepika mahindi amekipokea chakula kigeni kikawa chake. Watu wa hapa tangu zamani wamekuwa wakibadilisha na kupokea. Kukwama katika sahani moja ndiko kusikokuwa desturi yetu.

Jirani zetu wa Usukumani wana hekima nyingine ya kuigwa. Viazi vitamu vinapokuwa vingi, hawaviachi vioze shambani. Huvikata vikiwa vibichi wakavianika, wakaviita michembe. Au huvichemsha kwanza, wakavikata na kuvianika, wakaviita matobolwa. Miezi ya ukavu, wakati soko lina dagaa na mchicha peke yake, hao wana kitu cha tatu. Na majani ya kunde yaweza kuchemshwa kidogo na kuanikwa kivulini kwa namna hiyo hiyo. Sababu kubwa ya chakula kujirudia ni kwamba wakati wa neema hatukuweka kitu. Binti yangu, anza msimu huu, japo debe moja tu.

Sasa nataka niwatahadharishe juu ya muhogo, na jambo hili naomba lisomwe kwa sauti mbele ya watoto wakubwa. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Wazee wetu walijua kuitoa: huumenya, wakaulundika na kuufunika kwa siku kadhaa mpaka ukavunda, wakaukwangua ukungu, wakauanika ukakauka kabisa, ndipo wakautwanga, na huo ndio udaga. Wengine huuloweka majini siku tatu au zaidi. Siku hizo ndizo dawa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika sehemu za wilaya ya Tarime, mkoani mwetu humu, njaa iliwafanya watu wazifupishe siku hizo, wakala muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, tena bila ya kitoweo cha maana kwa majuma mengi. Matokeo yake watu, na zaidi watoto na wanawake, walipatwa na udhaifu wa miguu ghafula, miguu ikakakamaa, na maradhi hayo hayaponi. Waganga huyaita konzo. Wataalamu walioyachunguza walionyesha mambo mawili yaliyoungana: sumu isiyotolewa, na ukosefu wa vyakula vya kujenga mwili kama samaki, maziwa na kunde, ambavyo huusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo.

Basi mnaona, wasomaji, kwamba kubadilisha chakula si anasa ya ulimi. Nyumba inayokula muhogo mtupu kila siku imekaa karibu na hatari, na nyumba inayokula muhogo ulioandaliwa vema pamoja na dagaa leo, na kunde kesho, na maziwa keshokutwa, imejenga ukuta. Yule mtoto aliyeuliza "Leo tena?" hakuwa na adabu, ni kweli, lakini mwili wake ulikuwa ukisema jambo la haki. Na kisamvu vile vile: kitwangwe mpaka kilainike, kisha kichemshwe kwa muda mrefu bila ya kufunika, kabla ya kukitia karanga. Asiharakishe mtu.

Nimesema na mke. Sasa niseme na mume, naye pia ni msomaji wetu.

Bwana, sahani ya samaki unayokula senta kila jioni ina bei. Jumlisha bei hiyo kwa siku saba, ukitaka uiandike kwa makaa ukutani. Kisha uliza gulioni fedha hiyo ingenunua sato wangapi wabichi, na wangetosha watu wangapi. Naogopa jibu litakutia haya, kwa kuwa unakula peke yako kitoweo cha nyumba nzima, na watoto wako wanalala kwa ugali na chumvi huku baba yao akinuka mafuta ya samaki. Kuwalisha wa nyumbani ni wajibu juu yako, nawe una thawabu kwa kila tonge. Na Mtume wetu, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake mpaka wakati wa sala ulipofika. Si aibu kwa mume kupitia pwani au gulioni akarudi na fungu la samaki, ndimu mbili na kitunguu. Mara nyingi chakula kinajirudia kwa sababu aliyekwenda sokoni ameleta kitu kile kile. Na mpishi hawezi kupika kisichokuwamo kapuni. Ukipika mke wako kitu kipya na hukukipenda, nyamaza, ukikipenda, sema. Neno moja la sifa hulainisha moyo wa mpishi kuliko nyama ya juma zima.

Nawe mama mkwe, heshima yako iko palepale. Lakini wewe ndiye mwenye hazina ambayo huyu binti hana. Wajua udaga unavyovundikwa, wajua mgagani unavyotulizwa, wajua furu na kamongo walivyopikwa. Neno la kejeli litatoka mdomoni na kumalizika. Lakini jioni moja ukiketi naye jikoni, wajukuu wako watakula ujuzi wako baada yako. Mimi nilifundishwa na mama mkwe, na kila nikamuapo ndimu humwombea.

Vijana nao wasikae kungoja sahani. Msichana na mvulana wote wawili waweza kuondoa vichwa vya dagaa, kuponda karanga, kuchuma mnavu. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto aliyesaidia kupika hasemi "Leo tena?". Na kila mtoto apewe siku moja katika juma ya kuchagua, kwa sharti kwamba achague katika vilivyomo ndani.

Jambo la mwisho ni jirani. Tumefundishwa kwamba tukipika mchuzi tuongeze maji yake na kuwakumbuka majirani. Zaidi ya thawabu, desturi hii ina faida ya jikoni: bakuli litokalo kwako na mgagani hurudi na kunde. Wake wanne wakipelekeana bakuli mara moja kwa juma, kila nyumba huonja mikono minne, na hakuna aliyetumia zaidi ya alichokuwa nacho. Nilipokuwa mdogo Musoma, ndivyo tulivyokuwa tukijifunza mapishi, bila ya kitabu.

Basi, binti yangu wa Bugwema, mbuzi wako mwache azae. Jumamosi ijayo, kabla ya Magharibi, waweke dagaa katika sufuria kavu, pondaponda karanga zako, na mtume mtoto yule yule wa pili akatafute ndimu. Usimwite mume kwa maneno wala usimlaumu mbele ya watu. Mwambie tu kwa upole, asubuhi anapotoka, kwamba leo usile njiani, watoto wanakungoja. Akija, vema. Asipokuja, mwekee fungu lake chini ya kawa, kwa kuwa chakula hicho ni haki ya watoto kwanza, nao watakuwa wamekila chema. Kisha Jumapili pika makande. Usiache njiani kwa sababu siku moja haikufaulu.

Na utuandikie tena baada ya miezi miwili. Wasomaji wengine walio pwani, Ujiji, Tabora na kwingineko, nao wenye njia zao za kuigeuza mboga ile ile ikawa mpya, bila ya kuongeza gharama, waziandike kwa ufupi na kuzileta katika barza hii. Tutazitoa kila nafasi ikipatikana.

Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, azidishe mapenzi katika nyumba zetu, na atujaalie tule kilicho halali na chema, tukiwa pamoja. Amin.